Chanda chema kilichokosa pete: kisa cha karani wa malipo ya maziwa

Kabla ya kuanza

Mwenye kisa hiki ameniruhusu kukiandika na amekisoma kabla yako. Nitamwita Nekesa. Chama cha ushirika alichofanyia kazi kiko Kaunti ya Nakuru, upande wa milima ya Mau, na zaidi ya hapo sitakitambulisha. Idadi ya wanachama, lita na mishahara nimeisogeza kidogo, ila uwiano nimeuacha ulivyo. Mimi nilimfundisha Nekesa karatasi mbili za CPA, mitihani ya kitaaluma ya uhasibu, katika darasa la jioni mjini Nakuru, ndiyo maana mpaka leo huniita mwalimu. Nami nimo ndani ya kisa, kwa ushauri mmoja mbaya na mwingine uliofaa. Nitaeleza yote mawili.

Nakiandika kwa ajili ya mtu ambaye nimekutana naye mara nyingi mno katika ofisi za Nakuru, Kisumu na Kakamega: yule ambaye wenzake husema "bila yeye hapa hapaendi", lakini kila nafasi ya juu ikitangazwa anapewa mwingine.

Usuli

Chama kina wakulima wapatao 1,800 wanaoleta maziwa, na wafanyakazi 31. Maziwa hukusanywa alfajiri kwa ruti kumi na moja. Kila mkulima ana nambari yake, na kijana wa mizani huandika lita zake mbele yake. Mwezi ukiisha lita hujumlishwa, kisha makato yanaanza: chakula cha ng'ombe alichokopa katika duka la chama, dawa ya minyoo, mbegu ya kupandishia ng'ombe, gharama ya lori la ruti, mkopo, hisa. Kinachosalia humfikia mkulima tarehe 10.

Tarehe 10 ni siku nzito. Wachuuzi wa maziwa hupita malangoni asubuhi na pesa mkononi. Chama kikichelewesha malipo siku tatu tu, mkulima anayedaiwa karo humuuzia mchuuzi, na akishazoea pesa ya kila siku, kumrudisha ni kazi kubwa. Mwaka mmoja kabla ya Nekesa kuajiriwa, malipo yalichelewa na chama kikapoteza karibu nusu ya ruti moja. Meneja alikuwepo. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana asipolishika atamhukumu meneja kwa haraka, kama nilivyomhukumu mimi.

Nekesa, mzaliwa wa Bungoma, aliingia chamani mwaka 2016 akiwa na diploma, kama karani wa rekodi za maziwa. Wakati huo hesabu za malipo zilifanywa kwa vitabu vikubwa, watu watatu, siku tisa. Mwaka 2018 alitengeneza faili ya Excel iliyofanya kazi hiyo kwa siku tatu. Hakuna aliyemtuma. Alikaa nayo jioni baada ya jioni mpaka fomula zikakubali. Mwenyekiti alimtaja kwa jina kwenye mkutano mkuu wa mwaka, wakulima wakampigia makofi.

Faili ile ikaendelea kukua. Mkopo mpya ukija, anaongeza ukurasa. Lori likibadilika, anaongeza safu. Mishahara ya wafanyakazi nayo ikahamishiwa kwake, na pamoja nayo kila badiliko la makato ya serikali: viwango vipya vya NSSF, mfuko wa pensheni, Februari 2023, kisha ada ya nyumba ya asilimia 1.5 kuanzia Julai mwaka huohuo. Kila mara meneja alisema, "Mpelekee Nekesa." Kufikia 2021 faili ilikuwa na kurasa ishirini na tatu, na mtu mmoja tu duniani aliyejua kwa nini ukurasa wa tisa haupaswi kufunguliwa kabla ya ule wa sita.

Nafasi mbili zilizompita

Mwaka 2021 nafasi ya mhasibu msaidizi ilitangazwa. Nekesa alikuwa amemaliza ngazi ya kati ya CPA na aliomba akiwa na uhakika. Nafasi ilichukuliwa na mtu kutoka nje. Alipomwendea meneja, mzee alimjibu kwa upole, "Wewe ukitoka pale, wakulima watalipwa na nani?"

Nekesa aliniambia kwamba siku ile alirudi mezani kwake akiwa na huzuni na fahari kwa pamoja. Aliamini kwamba chanda chema huvikwa pete. Kilichobaki, kwa mawazo yake, ni kuwa chema zaidi. Akaanza kuingia saa moja asubuhi. Akachukua na hesabu za duka. Mara tatu alilipa ada ya mtihani wa CPA na mara tatu akaahirisha, kwa sababu juma la mtihani liligongana na kazi ambayo hakuna mwingine angeweza kuifanya.

Machi 2023 nafasi ileile ikawa wazi tena. Safari hii hata mahojiano hakuitwa.

Alinijia Mei, Jumamosi mchana. Tulikaa katika hoteli moja karibu na stendi ya matatu za Njoro, akanisimulia yote. Nilimuuliza swali moja ambalo huwauliza wote wanaolalamika kutopandishwa cheo: mara ya mwisho ulikwenda likizo lini?

Alinyamaza. Kisha akanieleza juu ya matanga ya baba yake mkubwa, mwanzoni mwa Septemba 2022. Alikuwa ameomba siku tano. Siku ya mazishi, watu wakiwa wamekaa chini ya turubai, alikuwa ndani ya gari la binamu yake, laptopu imechomekwa kwenye chaja ya gari, akipitisha makato ya ruti ya saba kwa sababu ofisini walikuwa wamefuta safu wasiyoijua. Mama yake alikuja kugonga kioo. Alimwambia, "Mwanangu, mzee wako anashushwa." Nekesa alimwonyesha kidole kimoja, yaani dakika moja. Aliposhuka garini, watu walikuwa wanarudishia udongo.

Alilia alipokuwa akinisimulia. Nami nilikasirika sana, na nadhani hasira ndiyo iliyoharibu ushauri nilioutoa.

Ushauri wangu wa kwanza

Nilimwambia atafute kazi kwingine, apate barua, aiweke mezani kwa meneja. "Hapo ndipo watakapojua thamani yako," nilisema. Ni ushauri unaotolewa kila mahali na mimi nilikuwa nimeutoa mara nyingi.

Agosti 2023 alipata barua kutoka kampuni moja ya Kisumu. Mshahara ulikuwa mkubwa kidogo kuliko wake, ila kuhama kungemgharimu, na mtoto wake alikuwa darasa la mwisho la shule ya msingi. Kwa kweli hakutaka kwenda. Alikuwa anatishia.

Meneja alisoma barua, akaita mhasibu mkuu, wakazungumza saa nzima. Wakamwongezea shilingi 4,000, kutoka 34,000 hadi 38,000. Cheo kilibaki kilekile. Baada ya hapo mambo yakaharibika kimyakimya. Mhasibu mkuu akaanza kumwomba nywila ya kila faili. Meneja aliyekuwa akipita mezani kwake kusalimia akaacha kupita. Walimwona kama mtu aliyewashika koo mwezi wa malipo, na kwa upande wao hawakukosea.

Makosa yangu yalikuwa haya. Nilidhani tatizo ni kwamba hawaijui thamani yake. Waliijua vizuri kabisa, na ndiyo sababu walimfungia pale. Barua ya Kisumu iliwakumbusha tu jinsi walivyo hatarini akiondoka. Mtu anayeogopa jengo litaanguka hampandishi ghorofani fundi aliyeshikilia nguzo. Anamwongezea uji ili aendelee kushikilia.

Daftari

Tulionana tena Januari 2024. Nilimwomba radhi, kisha nikamwambia jambo ambalo hakulipenda: aandike kazi yake yote, hatua kwa hatua, mpaka mtu asiyemjua aweze kuifanya.

"Mwalimu," alisema, "nikishaandika, wananihitaji wa nini?"

Hofu hiyo si ya kuchekwa. Ana mtoto, ana mama Bungoma, na amewaona watu wakifundisha vijana halafu vijana hao wakapewa kiti chao. Nilimjibu kwamba kwa miaka minane amekuwa mtu asiyeweza kuachwa, na aniambie kimemfikisha wapi. Hakunijibu siku hiyo. Wiki iliyofuata alinipigia simu kuniambia amenunua daftari.

Tulikubaliana kwamba ataandika wakati uleule anapofanya kazi, kwani kumbukumbu huruka hatua ambazo mikono imezizoea. Februari alipomaliza mzunguko wa kwanza, alikuwa na hatua 43. Tulipozipitia pamoja, tisa kati yake hazikuwa na maana tena: zilikuwa viraka alivyoweka 2018 kwa sababu ya printa ambayo ilishatupwa. Amekuwa akizifanya kila mwezi kwa miaka sita.

Senti 50 za ruti ya nne

Machi, akiandika upya hatua ya 17, aligundua jambo lililomnyima usingizi.

Januari 2023 gharama ya lori la ruti ya nne ilikuwa imepunguzwa kwa senti 50 kwa lita, baada ya chama kubadilisha mwenye lori. Nekesa alibadilisha bei hiyo kwenye ukurasa mmoja. Ukurasa mwingine, ambao ndio uliokata pesa, ulibaki na bei ya zamani. Ruti ile ina wakulima 64 na huleta lita kama 900 kwa siku. Fanya hesabu: shilingi 450 kwa siku, 13,500 kwa mwezi, malipo kumi na manne. Karibu shilingi 189,000 za wakulima zilikuwa zimekatwa bila haki, na kosa lilikuwa lake.

Alinipigia simu saa tano usiku. Alikuwa na njia tatu. Angeweza kurekebisha seli ile na kunyamaza. Angeweza kusubiri ukaguzi na kuomba Mungu. Au angesema. Nilimwambia kwamba siwezi kumwamulia, ila nikamuuliza kama anamjua mkulima hata mmoja wa ruti ya nne. Alimtaja mama mmoja mjane mwenye ng'ombe wawili.

Alilala usiku mbili na jambo hilo. Siku ya tatu alimpelekea meneja barua ya kurasa mbili: kosa ni nini, lilianza lini, kila mkulima anadai kiasi gani, na pendekezo la kurudisha pesa hizo katika malipo mawili. Hakujitetea popote. Mwishoni aliandika kwamba kosa lilidumu miezi kumi na minne kwa sababu hakuna mtu wa pili anayeipitia kazi yake, akaomba mtu huyo apatikane.

Sentensi hiyo ya mwisho naiona kuwa ndiyo iliyogeuza kisa. Barua ilipelekwa kwa kamati ya wanachama inayokagua vitabu, akaitwa kuieleza. Alisimama mbele ya watu ambao kwa miaka minane walikuwa wakisoma hesabu zake bila kumjua sura. Alipewa onyo la maandishi, ambalo kwa maoni yangu lilikuwa haki. Na mwenyekiti wa kamati akamuuliza meneja swali ambalo Nekesa hakuwahi kupata nafasi ya kuliuliza: mama huyu akiugua, tunafanyaje?

Wakulima walirudishiwa pesa zao Aprili na Mei.

Kijana wa mizani

Kila mtu alidhani msaidizi angekuwa msichana aliyekuwa atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo, mwenye digrii. Nekesa aliomba kijana wa mizani, aliyemaliza kidato cha nne na kupima maziwa kwa miaka mitano. Sababu yake ilikuwa nzuri. Fomula hufundishika, alisema, lakini kijana yule akiona mkulima wa ruti ya pili ameandikiwa lita 60 kwa siku atajua papo hapo kwamba kuna kosa, kwa sababu anajua mkulima huyo ana ng'ombe mmoja na ameona mkebe wake kila alfajiri.

Alimfundisha kuanzia Aprili hadi Julai. Mwezi wa kwanza kijana alitazama. Mwezi wa pili alifanya, Nekesa akiwa pembeni. Mwezi wa tatu Nekesa aliketi meza nyingine na kijana akaruhusiwa kumwita mara tano tu. Kila alipoita, waliongeza mstari katika daftari. "Madam, hapa hujaandika," alikuwa akisema, na ikawa kweli kila mara.

Hapa kuna jambo dogo linalofaa kujulikana na wengi. Waajiri nchini Kenya hulipa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo. Kwa wafanyakazi 31 hiyo ni shilingi 18,600 kwa mwaka. Chama kilikuwa kikilipa miaka yote bila kujua kwamba mwajiri anaweza kuomba kurudishiwa gharama za mafunzo. Nekesa alimwonyesha meneja, kijana akapelekwa mafunzo ya Excel mjini. Ila walikosea: idhini ya NITA huombwa kabla ya mafunzo, nao waliomba yakiwa yameshaanza. Hawakurudishiwa kitu. Meneja alilipa hata hivyo, ingawa kwa kunung'unika.

Wiki mbili za Agosti

Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka, na, pasipo makubaliano mengine, inataka sehemu moja ya likizo hiyo iwe angalau wiki mbili za kazi mfululizo. Nekesa aliomba wiki zake mbili mwanzoni mwa Agosti 2024, juu ya tarehe 10 kabisa. Meneja alikataa. Alipeleka ombi mara ya pili akiwa na daftari mkononi, akaeleza kwamba likizo ya katikati ya mwezi haitapima chochote. Wakaafikiana: aende, na simu moja tu kwa siku, saa moja jioni.

Alikwenda Bungoma kwa mama yake. Siku ya kwanza walimpigia mara nne mchana na hakushika. Saa moja jioni alijibu maswali manne kwa dakika kumi na moja, yote yakiwa kwenye daftari.

Malipo yalitoka tarehe 12. Yalichelewa siku mbili. Wakulima wawili wenye jina moja walibadilishiwa pesa, ikabidi kijana aende nyumbani kwa mmoja wao kuomba radhi na kusawazisha. Hakuna aliyehamia kwa wachuuzi. Nekesa aliporudi, meneja alimwambia, "Nilidhani tutakufa."

Kukaimu

Oktoba 2024 mhasibu msaidizi aliacha kazi. Ulikuwa mwezi uleule NHIF, bima ya afya ya zamani, ilipoondoka na SHIF, mfuko mpya wa afya, kuanza, asilimia 2.75 ya mshahara wote, isiyopungua shilingi 300. Kila ofisi ya mishahara nchini ilikuwa na kizunguzungu. Kamati haikutangaza nafasi. Walimwita Nekesa, wakamwambia akaimu.

Alifurahi mno hata hakuuliza lolote. Hakupewa barua kwa miezi mitatu, na hakupewa posho ya kukaimu kwa miezi yote saba. Alifanya kazi ya mhasibu msaidizi kwa mshahara wa karani, na mwezi wa kwanza wa SHIF alifanya na ya kijana pia. Januari nilimwonyesha kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira, kinachomtaka mwajiri anapobadilisha masharti ya kazi ashauriane na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Barua ilitoka wiki hiyo. Ilisema "kukaimu mpaka taarifa nyingine". Haikutaja pesa.

Mei 2025 alithibitishwa kuwa mhasibu msaidizi kwa mshahara wa shilingi 58,000.

Uchambuzi

Nianze na meneja, kwa sababu wengi waliosikia kisa hiki humwona kama dhalimu. Alikuwa na familia 1,800 zinazongoja tarehe 10 na nguzo moja. Kumpandisha cheo Nekesa mwaka 2021 kungekuwa kucheza na maziwa ya chama. Kosa lake lilikuwa kutotafuta nguzo ya pili kwa miaka sita, na kumwachia mfanyakazi mzigo wa kutatua tatizo ambalo ni la uongozi. Mtu aliyesimamia chama vizuri angemlazimisha Nekesa aende likizo mwaka 2019, na kila mwaka baada yake. Wiki mbili mfululizo za likizo zingefichua kosa la ruti ya nne mapema, na zingemwezesha kumzika baba yake mkubwa.

Na Nekesa naye alichangia. Alipenda kuhitajiwa. Aliniambia mwenyewe, na nimemwomba ruhusa ya kuliandika. Kila simu ya usiku ilimuumiza na ikamthibitishia kwamba yeye ni mtu. Watu waliomtaka awafundishe kati ya 2018 na 2021 walikuwepo, wawili, naye alisema kila mara kwamba ni rahisi afanye mwenyewe. Kwa siku moja ilikuwa kweli. Kwa miaka sita haikuwa kweli hata kidogo.

Kuandika hatua kulifanya kazi tatu kwa mpigo, na sikutarajia mbili kati yake. Kuliwezesha mtu mwingine kufanya kazi, hilo nililijua. Kulifichua kosa, jambo ambalo macho yaliyozoea faili yasingeliona. Na kulimpa Nekesa kitu cha kuonyesha. Kabla ya hapo, ukimuuliza anafanya nini, alisema "nalipa wakulima". Baada ya daftari aliweza kueleza mbele ya kamati jinsi fedha za chama zinavyopita, wapi zinaweza kuvuja, na nani anapaswa kuangalia wapi. Hiyo ni lugha ya mhasibu. Karani aliyeingia chumba kile kupokea onyo alitoka wakiwa wamemwona kama mtu wa cheo kingine, ingawa iliwachukua miezi saba kumpa nafasi na karibu saba mingine kumthibitisha.

Je, angepandishwa bila kosa la ruti ya nne? Nimejiuliza sana. Nadhani angechelewa zaidi, kwa sababu meneja asingemfikisha mbele ya kamati kwa hiari yake. Lakini sitaki mtu achukue hapa kwamba akiri makosa ili apande cheo. Angeweza kufukuzwa. Wanachama wengine wa kamati walilitaka hilo. Alisema kwa sababu ya wakulima 64, akiwa tayari kuondoka, na mimi nilikuwa nimeanza kumtafutia kibarua.

Kumchagua kijana wa mizani ulikuwa uamuzi bora kuliko wote, na ulikuwa wake peke yake. Mimi ningemchukua mwenye digrii.

Kilichoshindikana waziwazi ni kipindi cha kukaimu. Mtu aliyengoja miaka mitatu akipewa mlango nusu, huingia bila kuuliza. Alipaswa kuomba mambo matatu siku ile ile, wakati kamati ilipokuwa ikimhitaji: barua, muda wa mwisho, na posho. Angeweza kuomba kwa heshima na wangempa, kwa sababu SHIF ilikuwa mlangoni na hawakuwa na mwingine. Mwezi uliofuata nguvu hiyo ilikuwa imeisha. Nami ningempigia simu mapema badala ya kungoja Januari, maana nilijua jinsi ofisi zetu zinavyotumia neno kukaimu.

Ushauri wangu wa barua ya Kisumu nisiurudie. Kuna mahali unafaa: pale mwajiri ana watu wa kutosha na amekusahau tu. Pale ambapo wewe ni nguzo pekee, unaongeza hofu yao, na hofu yao ndiyo kamba yako. Kabla ya kumshauri mtu siku hizi, nauliza kwanza yupo katika hali gani kati ya hizo mbili, na swali la likizo hunijibu haraka kuliko maswali mengine yote.

Hali ilivyo sasa

Kijana wa mizani aliondoka Julai 2025. Alipata kazi katika SACCO moja mjini Nakuru, kwa mshahara uliozidi ule ambao chama kingeweza kumpa. Nekesa aliumia kwa siku kadhaa, kisha akamwandikia barua nzuri ya kumsifu. Nafasi yake ilichukuliwa na msichana wa duka la chama. Alijifunza malipo kwa wiki sita, kutoka kwenye daftari, wakati kijana alihitaji miezi minne. Hatua zimebaki 31, na maandishi ya kurasa za mwisho si ya Nekesa.

Amefanya tena mitihani na amebakiza karatasi mbili za ngazi ya juu. Posho ya miezi saba ya kukaimu ameidai kwa barua mbili. Ya kwanza ilijibiwa kwamba suala litajadiliwa. Ya pili bado haijajibiwa, naye ameniambia anaandika ya tatu.